Mtungi Mmoja Uliingia, Miwili Ikatoka

Mtu aliyekaa Kibera miaka ishirini anaweza kukosea tarehe, anaweza hata kukosea jina la chifu wake, lakini hakosei maji. Maji ya kununua na kubeba kichwani mtu huyajua kwa shingo. Ndiyo maana Aoko alichuchumaa kando ya gari lake, akaitazama koki ya maji machafu ikiendelea kumwaga, na akakataa katakata kuamini macho yake. Asubuhi alikuwa ametia mtungi mmoja wa lita ishirini kwenye tangi la maji safi. Mtungi mmoja, si zaidi. Sasa kule chini mtungi mmoja ulishajaa, wa pili ukajaa, na maji yalikuwa bado yanatoka. Yalikuwa na povu la sabuni, na sabuni yenyewe Aoko hakuwa ameileta.

"Umekosea hesabu, mathe," alisema Mutinda, fundi wa magari aliyekuwa akimfundisha.

"Mimi? Nikosee maji?"

"Ama kuna yenye ilikuwa imebaki ndani."

"Jana si uliikausha na mkono wako, ukanionyesha na tochi?"

Mutinda akakuna kichwa. "Hizi gari za majuu ziko na maneno mingi," alisema, kisha akaenda kutafuta spana iliyokuwa mfukoni mwake.

Gari lenyewe lilikuwa gari la kulala, lile la aina ambayo wazungu huenda nalo mbugani, lenye kitanda, meko, sinki, bafu na choo humo humo ndani. Mzungu mmoja mzee alikuwa ameliacha kwenye ploti ya Gichuru huko Kawangware, akaenda kwao kutibiwa, asirudi. Lilisimama pale miaka tisa katikati ya vyumba vya mabati, kuku wakitaga chini yake. Gichuru alipochoka kulizunguka kila akienda kufungua geti, akalitangaza, na Aoko akalinunua kwa mkono wa kwaheri aliopewa na familia ya mtaa wa Nyayo Highrise aliyoifanyia kazi za nyumba miaka kumi na minane. Gichuru akamruhusu akae nalo hapo hapo.

Watu walimcheka. Mama mzima, hata leseni hana, ananunua gari! Lakini Aoko hakununua gari ili aende mahali. Chumba chake cha Kianda, huko Kibera, kilikuwa kimechorwa alama nyekundu ya X, kibomolewe kupisha barabara, na binti yake, Hope, kidato cha pili, alikuwa akifunga shule ya bweni Ijumaa. Hope alikuwa amempigia kwa simu ya shule na kumuuliza swali moja tu: "Mum, nikifunga, nakuja wapi?" Swali hilo lilimchoma Aoko kuliko ile X. Aliapa kwamba mtoto wake hataliuliza tena.

Kulikuwa na jambo moja tu. Kwa watu wake, watu wa ziwani, makao mapya hayaingiwi hivi hivi. Mwanamume hutangulia na jogoo, shoka na moto, na yeye ndiye hulala hapo kwanza. Aoko alikuwa mjane mwaka wa saba. Ojwang, ndugu wa marehemu mume wake Opondo, alikuwa ametaka kumrithi na Aoko akamwambia arithi viatu. Basi makao yakiwa nyumba, lazima mwanamume aitwe, na mwanamume wa kuitwa ni Ojwang. Aoko akaona njia: hii si nyumba, ni gari. Gari halina mila. Akili ni mali, alijiambia, na akafurahia ujanja wake.

Mutinda alimfundisha misingi kwa haraka ya mtu mwenye wateja wengine. Gari lazima likae sawa, kwa hiyo weka mbao chini ya magurudumu, kisha weka sufuria ya maji mezani utazame maji yanaegemea wapi. Gesi ifungwe pale pale kwenye shingo yake kabla ya kulala. Kisanduku cha choo kimwagwe kabla hakijajaa, si baada.

"Halafu kuna betri mbili. Hii ya injini, na hii ya nyumba."

"Sema ya gari," Aoko alimkatiza.

"Zote ni za gari, mathe. Hii ndio inaitwa ya nyumba."

"Wewe sema ya taa."

Mutinda akamtazama, akaona si vita vyake. "Sawa. Ya taa. Hiyo ndio inasukuma pampu. Pampu inalala mpaka mtu afungue mfereji. Ukiisikia inalia na hujafungua, jua kuna mahali maji inatoka."

Jumatano, mchana kweupe, jua likiwa utosini na ploti nzima imeenda kazini, Aoko alikuwa chini ya gari akisukuma ubao, akaisikia pampu. Brrrr. Ikanyamaza. Brrrr. Akaganda. Juu ya kichwa chake, ng'ambo ya sakafu nyembamba, maji yalikuwa yanaanguka kwenye sinki, na mtu alikuwa anasukutua, taratibu, kama mtu aliyeamka nyumbani kwake na hana haraka.

"Ni nani huyo?" Aoko aliita.

Mfereji ukafungwa.

Aliingia na ubao mkononi. Hakukuwa na mtu. Sinki lilikuwa limelowa, na hewa ilinuka blanketi lililonyeshewa likakunjwa bichi. Kwenye zulia kulikuwa na nyayo za maji, kubwa, zikitoka bafuni kwenda kwenye kiti cha dereva. Aoko alizitafuta za kurudi. Hazikuwapo. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, lakini sponji yake ilikuwa imebonyea, na wakati anatazama, ikaanza kuinuka polepole.

Aoko akarudi nyuma mpaka nje.

Siku hiyo hiyo Ojwang akaja, maana habari ya gari ilikuwa imemfikia, na alikaa mitaa miwili tu kutoka hapo. Alikuja na koti lake la kijivu la harusi na mazishi, akalizunguka gari akiligongagonga.

"Mama Hope, hii ni nyumba."

"Ni gari, shem."

"Iko na kitanda. Iko na jiko. Mimi ndio nimebaki wa Opondo. Unaingia nyumba bila mwanaume? Unataka chira ishike huyo mtoto?"

"Gari haihitaji jogoo. Umeona mtu akiingiza jogoo kwa pikipiki?"

"Kila wiki," alisema Ojwang, na hapo hakudanganya. Kisha akapanda ngazi, akavua koti, akalitundika kwenye ndoano ya mlangoni. "Sitaki kelele na wewe. Koti la mwanaume likilala hapa, hii nyumba iko na mwenyewe. Nitarudi Ijumaa kulala."

Akaondoka na shati, kifua mbele. Aoko angelitupa lile koti pale pale. Lakini koti la mwanamume wa ukoo, likishatundikwa, mwanamke hulishushaje? Neno chira, ile laana ya mtu aliyevunja mila, lilikuwa limemwingia. Hope hakuwa na kosa. Akaliacha.

Alhamisi jioni, taa za Kawangware zikianza kuwaka na msikiti wa mbali ukiadhini, alijipa moyo akaingia kujaribu kuwasha meko kwa mara ya kwanza, na alipopita mlangoni bega lake liligusa mkono wa koti, akahisi ubaridi, akashika, na mkono wa koti ulikuwa umelowa chapachapa hadi kiwiko, kama mkono wa mtu aliyetoka kuosha vyombo. Akajiambia ni paa linavuja. Mvua haikuwa imenyesha wiki mbili. Akawasha kiberiti, kikazimika, akawasha kingine, kikazimika, na nyuma yake pampu ikaanza, brrrr, haikunyamaza safari hii, ikaendelea, na bafuni maji yakaanguka kwa nguvu juu ya mwili wa mtu, maana maji yakianguka kwenye mwili hayalii kama yanayoanguka sakafuni, kila mtu anajua hilo, na ile harufu ya blanketi bichi ikapanda mpaka ikamkaba koo, na mlango ambao alikuwa ameuacha wazi makusudi ukajifunga wenyewe, polepole, bila kishindo, kama unavyofungwa na mtu mstaarabu.

Maji yakakoma. Kutoka nyuma ya pazia la bafu, sauti ikasema kwa upole:

"Umeingia kwa nani?"

Aoko alijibu kwa kunong'ona, na baadaye alijichukia kwa jibu hilo. "Hii… hii ni gari."

Sauti ikacheka. "Basi endesha."

Alitokea dirishani, dirisha ambalo Mutinda alikuwa amemwonyesha ni la dharura, akaangukia kuku wa Gichuru. Gichuru mwenyewe alitoka na tochi, akamkuta amekaa chini anahema.

"Ulikuwa unajua?" Aoko alimuuliza.

Gichuru alitazama pembeni. "Soja wa kulinda ploti aliwahi kulala hapo siku moja. Alitoka bila viatu."

"Na ukaniuzia?"

"Nilidhani ni pombe yake, Mama Hope. Haki."

Aoko alimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa, akapanda boda hadi Makina, upande wa Kibera.

Huko Makina aliishi Kaltuma, mama wa Kinubi anayesuka makawa ya kufunikia chakula, na anayewasomea watu waliosumbuliwa na majini. Aoko alimfahamu kwa makawa. Alimkuta barazani na ukindu mapajani, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Kaltuma hakushtuka. Aliuliza maswali kama karani wa hospitali.

"Ulipoingia mara ya kwanza, ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Hakukuwa na mtu ndani."

"Sisi hata nyumba tupu tunaisalimia. Umepika?"

"Bado."

"Umelala?"

"Bado. Najifunza kwanza."

"Na unaiita nini?"

Aoko akaangalia chini. "Gari."

"Na koti ni la nani?"

"La shemeji."

Kaltuma akaweka ukindu kando. "Sikia, dadangu. Nyumba ikikaa miaka tisa bila moto, mtu ataingia. Huyo ameingia. Wewe ukakuja ukasema si nyumba, si yako, halafu ukaacha mwanaume atundike koti. Jini amelivaa. Mmempa mpaka jina la mwenye nyumba."

"Si ukuje umtoe?"

"Nimtoe kwa niaba ya nani? Naweza kusoma mpaka koo likauke. Jini hatolewi na mgeni, anatolewa na mwenye nyumba."

"Lakini mimi ni mkristo."

"Nani amekuuliza? Omba vile unajua. Lakini uombe kama mwenye nyumba, si kama mtu amekuja kuuliza kama kuna room."

Aoko alirudi Kianda kwa miguu, na njiani hofu yake ikaanza kugeuka. Kufika kwenye ile X nyekundu ilikuwa hasira tupu. Miaka ishirini amekuwa akiuliza kama kuna room. Ujanja wake wa kuita nyumba gari ulikuwa woga tu uliovaa viatu vizuri, na jini aliujua kabla yake.

Ijumaa saa tano aliwasha jiko lake la zamani kwa mara ya mwisho Kianda, akachota makaa mekundu akayatia ndani ya mkebe wenye kifuniko, akanunua jogoo, akachukua shoka la kuchanjia kuni. Bodaboda wa kwanza alimkataa. Wa pili aliangalia jogoo, shoka na mkebe unaotoa moshi, akauliza, "Mathe, unaenda kanisa gani?" lakini akambeba.

Ojwang alikuwa amefika mapema na godoro lake. Wapangaji wa ploti walikuwa wamekusanyika, na Mutinda pia, akijifanya amesahau spana. Ojwang alipoona jogoo na moto mikononi mwa mwanamke, akapaza sauti.

"Aoko! Hiyo ni kazi ya mwanaume! Unajua unaita nini?"

"Najua namfukuza nani," alisema Aoko.

Hapo ndipo sauti ilipotoka ndani ya gari. Ilikuwa sauti ya Ojwang, na Ojwang mwenyewe alikuwa amesimama nje na mdomo wazi.

"Koti langu liko hapa. Mimi ndiye mwenyewe."

Mama mmoja akamshika mtoto wake akakimbia. Ojwang akagusa koo lake kama anatafuta kilichopotea. Aoko alimfunga jogoo kwenye ngazi. Aliogopa, na asiseme mtu kwamba hakuogopa. Lakini alipanda.

Ndani maji yalikuwa yakipanda kutoka kwenye tundu la sinki, meusi, yenye povu, yakimwagika sakafuni, na pampu ilikuwa inanguruma bila kupumzika, na koti la kijivu halikuwa tena kwenye ndoano bali lilikuwa limesimama katikati ya njia, limejaa kifua na mabega, vifungo vimefungwa hadi juu, na juu ya kola hapakuwa na kitu, na mikono yake ikitiririka maji ilikuwa imetandazwa kushoto na kulia ikishika kuta zote mbili, kama mwenye nyumba anayemzuia mchuuzi mlangoni. Aoko alinyoosha mkono pembeni, akazima swichi ya pampu kama alivyofundishwa. Pampu ikaendelea kunguruma.

"Basi tuongee," alisema, na sauti yake mwanzoni ilikuwa ndogo. "Mimi ni Aoko. Kwetu jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa nje. Mama alinizaa kando ya njia. Nikaolewa kwa boma la watu. Nikaosha nyumba ya watu miaka kumi na minane. Nikapanga chumba cha watu miaka ishirini, na wakakichora X. Nje nimekaa ya kutosha!" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Hii si gari! Hii ni nyumba, na ni yangu, na mtoto wangu analala hapa leo! Mungu wangu ananisikia, na wewe unanisikia! Moto huu nimeubeba mwenyewe!"

Akaumwaga moto wa mkebe kwenye sufuria kavu juu ya meko, na makaa hayakuzimika. Akaweka shoka mezani. Kisha akalishika koti kwa kola, kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kama mtu mzima aliyelowa, na baridi yake ilimfika mpaka mifupani, na likamng'ang'ania kifuani, na karibu na sikio lake ile sauti ya Ojwang ikanong'ona, "Utaishi bila mwenyewe?"

"Nimeshakwambia mwenyewe ni nani," Aoko alisema, akalitupa nje ya mlango.

Lilianguka chini kwa kishindo. Chini ya gari koki ya maji machafu ikafunguka bila kuguswa, na maji yakatoka, mengi kuliko tangi lolote la gari linavyoweza kubeba, yakapita katikati ya miguu ya watu hadi mtaroni. Kisha pampu ikanyamaza. Jogoo, aliyekuwa kimya safari nzima kwa hofu ya bodaboda, akawika.

"Ojwang, usiguse hiyo kitu," alisema Gichuru.

Lakini Ojwang alikuwa ameaibishwa mbele za watu, na mwanamume aliyeaibishwa hana masikio. "Koti ya mtu haitupwi," alisema. Akalikamua, akalivaa vile vile bichi, akaondoka na godoro lake.

Jioni Hope alifika na sanduku la bati. Aliangalia magurudumu, akaangalia ngazi, akaangalia ugali unaofuka mezani.

"Mum, hii ni gari?"

"Ni nyumba. Vua viatu," alisema Aoko, na macho yakamjaa machozi, akasingizia moshi. Walilala wawili kwenye kitanda cha mzungu, gesi imefungwa shingoni, maji ya sufuria yametulia sawasawa mezani. Kesho yake Aoko alitia mtungi mmoja, wakaoga, wakaosha vyombo, akafungua koki. Ulitoka mtungi mmoja kasoro kidogo. Alicheka peke yake chini ya gari mpaka Hope akaja kuchungulia.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Tabby, mke wa pili wa Ojwang, alikuja. Alisimama chini ya ngazi na leso kichwani, akiangalia nyuma mara mbili kabla ya kusema.

"Mama Hope, nikuulize kitu na usicheke."

"Sicheki."

"Natumia ndoo moja kuosha vyombo," alinong'ona. "Nikienda kumwaga, ni mbili."

Aoko akaweka chini kikombe alichokuwa akisuuza. "Na koti?"

"Halikauki. Na hataki kulivua, hata akilala. Nikimgusa, Mama Hope, ndani hakuna joto. Na jana mchana, nikiwa nje, nilimsikia akiniita kutoka bafu, na yeye alikuwa ameenda job."

"Kwenu mwenye nyumba ni nani?"

Tabby alikuwa amelipa kodi ya chumba chao kwa miaka sita kwa kuuza mboga, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Aoko hakumsubiri ajibu. Alichukua ule mkebe, akachagua makaa matatu yaliyoiva vizuri, akafunika, akampa.

"Beba hii," alisema. "Na ukifika kwako, usipige hodi."